Maoni makali kwa Kiingereza kuhusu mgahawa: tunamung'unya pale pa kusema, tunafoka pale pa kueleza

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, jambo lenyewe nimelibeba kifuani miaka mingi.

Nimefanya kazi ya uhudumu kwenye mgahawa mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, kwa miaka sita, miwili ya mwisho nikiwa mkuu wa zamu. Kila Jumatatu asubuhi kabla hatujafungua, meneja alitukalisha wote, wa jikoni na wa mezani, akatusomea rivyu za wiki nzima za Google na TripAdvisor. Za nyota tano zilipigiwa makofi. Za nyota moja na mbili zilichapwa zikabandikwa ukutani karibu na jiko. Nimesikiliza mamia, na ilifika mahali nikawa najua ipi imeandikwa na mtu wa kwetu kabla jina halijasomwa.

Mtu wa kwetu akichukizwa huandika hivi: "The food was not so good. They should improve." Amemaliza. Au anakwenda upande wa pili kabisa: "VERY VERY BAD!!! WORST HOTEL!!! DON'T GO!!!" Katikati hapo hakuna kitu. Na mtu huyohuyo ukimkuta barazani jioni anamsimulia mwenzake kwa Kiswahili, anasema: wali bokoboko, mchuzi chapwa, samaki kaungua nje na ndani damu tupu, na bili imekuja ya watu wanne na sisi tulikuwa watatu. Hiyo ndiyo rivyu! Ina ushahidi, ina nguvu, na hajamtukana mtu. Ikishavushwa kwenda Kiingereza, mzigo wote unaachwa bandarini.

Mtauliza kwa nini tuandike Kiingereza. Kwenye biashara nyingi za utalii pwani yetu, mwenye pesa au meneja anasoma Kiingereza, na mgeni anayechagua pa kula anasoma Kiingereza. Rivyu ya Kiswahili ilipoingia, meneja wetu aliniuliza tu "anasemaje huyu?", nikamweleza kwa sentensi moja, tukapita. Ya Kiingereza ilibandikwa ukutani. Sisemi ni haki. Nasema nilichokiona, na kilikuwa kinaniuma, kwa sababu aliyeandika Kiswahili mara nyingi ndiye aliyekijua chakula kile vizuri kuliko wote.

Nianze na neno moja ambalo limetuponza. Alikuja mgeni wa Kijerumani, mama wa makamo, simu mkononi. Akanionyesha rivyu ya mtu wa Dar aliyetusifu: "The octopus was very sweet." Akaniuliza kwa upole kama tunaweza kumpikia pweza wa nazi bila kutia sukari, kwa kuwa ana kisukari. Nikabaki nimesimama. Nikamweleza kuwa hakuna sukari, kwamba kwetu "tamu" ni utamu wa chakula chochote kinachoridhisha, hata kiwe na chumvi na pilipili. Kwa Kiingereza anachotaka kusema ni "delicious" au "tasty". "Sweet" inampeleka msomaji kwenye chai na keki.

Liko na la "hoteli". Sisi hoteli ni pale unapokula, hata kama ni banda la bati lenye benchi mbili. Ukiandika "this hotel is dirty", mgeni anafikiri shuka na choo cha chumbani. Andika "restaurant", "café", au "food stall" kama ni kibanda. Na "moto": ukilalamika "the soup was not hot", msomaji hajui kama supu ilipoa au haikuwa na pilipili. Ikiwa imepoa nusu, yaani vuguvugu, neno lake ni "lukewarm", na kwenye supu neno hilo ni shutuma tosha.

Sasa nije kwenye kiini. Kiswahili kina maneno mahususi ya chakula kibovu, na Kiingereza kinayo pia, ila sisi shuleni tulifundishwa "good" na "bad" tukaachiwa hapo. Nyama ngumu si "hard", ni "tough". Pweza aliyekuwa kama kandambili ni "rubbery". Chapwa ni "bland". Wali bokoboko ni "mushy". Chipsi zilizolegea kwa mafuta ni "soggy", na mafuta yenyewe yakizidi ni "greasy". Mchicha wenye mchanga, ule unaolia menoni, ni "gritty". Mkate wa jana ni "stale", lakini samaki wa jana hawi "stale", huyo "smelled off". Samli au siagi iliyoharibika ni "rancid". Mbichi ni "raw" kabisa, au "undercooked" kama moto ulikatishwa njiani. Chukua haya tu, hata bila sarufi nyingine, utakuwa umeshawapita wengi wanaoandika kwa lugha ya mama zao, kwa sababu ulimi wako unajua tofauti zote hizi tangu utotoni.

Nguvu ya neno nayo ina utaratibu wake. Sisi tunaongeza: mbaya, mbaya sana, mbaya mno. Kiingereza mara nyingi hakiongezi, kinabadilisha neno. "Bad" hupanda hadi "awful". "Dirty" hupanda hadi "filthy". "Tasty" hupanda hadi "delicious". Na neno likishafika juu halipandishwi tena kwa "very", linashikwa na "absolutely": "absolutely filthy", "absolutely delicious". Ukiandika "very terrible" msomaji anaelewa, ila anasikia mtu anayepiga kelele kwa sababu maneno yamemwishia. "Very very bad" ni hivyo hivyo.

Kingine ni "should" na "must". Kwa Kiswahili "waongeze chumvi" ni ombi, linaweza kusemwa kwa tabasamu. "You must add salt" kwa Kiingereza ni bosi anaamrisha. Sisi tunayo -nge-: mchuzi ungekuwa na chumvi zaidi ungependeza. Kiingereza kinayo sawasawa na hiyo, "the sauce could have done with more salt", na sentensi hiyo ni kali zaidi ya amri, kwa sababu inamwacha mpishi peke yake na kosa lake.

Mfano wa kwangu mwenyewe. Jina la mgahawa nalihifadhi. Siku ya Idi pili nilimpeleka mama yangu ufukweni akale samaki wa kuchoma. Tulisubiri saa moja na dakika kumi. Akaja changu mzuri wa kutazama, ngozi imekaukia. Uma ulipofika kwenye mwiba, nyama haikuachia, ilikuwa inang'aa kama kioo. Mama hakusema neno. Akakamua ndimu, akala pembeni pembeni palipoiva, katikati akapafunika na kachumbari. Mhudumu akapita, akauliza kama kila kitu kiko sawa. Nami, mtu wa kazi hiyohiyo, nikajibu "sawa kabisa, ahsante."

Usiku nikaandika: "Fish not good, long wait." Jibu likaja la kunakili: asante kwa maoni yako, karibu tena. Nililala vibaya. Siku ya pili nikaifuta, nikaandika upya:

"The fish was charred outside and raw at the bone. We waited seventy minutes and paid 45,000 shillings. My mother is 71. She ate around the edges and hid the rest under the salad so that nobody would be embarrassed. I will not bring her here again."

Hakuna "very" hata moja humo, wala alama ya mshangao. Kila sentensi mwenye mgahawa anaweza kuipima: samaki, dakika, shilingi, mama. Sentensi ya mwisho ndiyo maoni yangu, na siyo ya mtu mwingine. Kesho yake alijibu kwa mkono wake, akaomba radhi, akaeleza kuwa siku ile jiko la mkaa lilikuwa moja kwa meza kumi na mbili na kwamba ameongeza la pili. Nyota nilizompa sikuzipandisha, kwa sababu sijarudi kuonja. Ila nilimshukuru.

Karibuni wadau. Leteni na rivyu zenu, tuzinyooshe hapa.

#2

Mkuu, umeandika ukweli mtupu. Lakini mbona tujitese? Mtu aandike Kiswahili chake, programu itatafsiri. Tukizidi kukimbilia Kiingereza, Kiswahili kwenye ramani kitabaki cha majina ya mitaa tu.

#3 Mleta uzi

Ndugu, hoja yako naiheshimu na inanigusa. Mimi siku hizi naandika zote mbili: Kiingereza juu, Kiswahili chini, na ya Kiswahili naiandika kwa raha zake, siyo tafsiri. Mgahawa wa mtaani kwetu, unaoliwa na sisi wenyewe, naandika Kiswahili peke yake. Lakini pale ambapo mwenye uwezo wa kubadilisha jiko anasoma Kiingereza, sitaki mashine iniamulie uzito wa maneno yangu. Nataka niuchague mwenyewe.

#4 (mdau wa Tanga)

Assalaam alaykum. Ndugu yangu, mimi ni mwalimu wa madrasa, na nilisoma uzi wako hadi mwisho kwa utulivu. Kitu kimoja kinanikwaza. Tumefundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia ila chakula hata siku moja: akikitaka alikula, asipokitaka alikiacha. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim. Mama yako alifanya hivyo hasa, alikula palipoiva akanyamaza. Sasa wewe umekwenda kukitia ila mbele ya dunia nzima. Huoni kuwa mama ndiye aliyekuwa na adabu hapo?

#5 Mleta uzi

Wa alaykum salaam, sheikh wangu. Swali hili limenikalia tangu siku ile, na mama mwenyewe aliniuliza hivyohivyo.

Adabu ile naikubali na naifuata. Nyumbani kwa mtu, kwenye shughuli, kwenye futari ya jirani, chakula hakitiwi ila. Mtu kakupa riziki yake. Mama alilelewa hivyo na ndivyo alivyonilea.

Lakini ipo hadithi nyingine, ya sokoni, nayo ni ya Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita kwenye lundo la nafaka la mfanyabiashara, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza: ni nini hiki? Mtu akasema imenyeshewa na mvua. Akamwambia, kwa nini hukuiweka juu watu wakaiona? Kisha akasema kuwa anayeghushi si katika yeye. Hapo nafaka haikupewa mtu sadaka, ilikuwa inauzwa. Mkono uliingizwa ndani ya lundo, na kilichokutwa kikasemwa mbele ya mwenye mali.

Mimi naona rivyu ni mkono ule. Samaki yule aliuzwa kwangu kwa shilingi 45,000, kavu juu, mbichi chini. Nilichokosea, na hapa nakupa haki sheikh, ni kumwambia mhudumu "sawa kabisa" halafu nikaenda kusema mtandaoni. Nilipaswa kumwambia palepale kwanza. Sasa hivi ndivyo nafanya: nasema mezani kwa sauti ya chini, nawapa nafasi ya kurekebisha, na wakirekebisha naandika kwamba wamerekebisha.

#6 (mdau wa Tanga)

Jazakallah khayr. Hiyo ya kusema mezani kwanza ndiyo iliyokuwa imenikwama. Nimeridhika nayo.

#7 (mdau aliyeko Uingereza)

Wadau, nafanya kazi jikoni huku kwa miaka kumi na moja, nataka niongeze kwenye hili la uzito. Waingereza hupima maneno kinyume na sisi. Wanashusha sauti ndipo wanapiga. Mteja akisema "a little disappointing", mpishi wetu mkuu anakunja uso kuliko angeambiwa "bad". "I've had better" maana yake hujafikia. "We won't be rushing back" maana yake hawatarudi. "It wasn't the freshest" kuhusu samaki ni jambo la kuitishia kikao.

Halafu jihadharini na "quite". Mmarekani akisema "quite good" anasifu, karibu sawa na nzuri sana. Mwingereza akisema "quite good" mara nyingi anasema inapita, siyo zaidi. Nimeona rivyu ya Mtanzania mwenzetu ameandika "quite nice" akidhani anasifia kwa nguvu, mwenye mgahawa akadhani amepewa nusu. Ukitaka kusifu bila shaka yoyote kwa pande zote mbili, tumia "really good" au taja kitu chenyewe.

Na mleta uzi, nikurekebishe kidogo kwenye "sweet". Kaa, kambakoche na kamba waliotoka baharini punde husifiwa huku kuwa nyama yao ni "sweet", ule utamu wa asili wa bahari. Kwa hiyo neno si haramu kwa vya bahari vyote. Tatizo ni kulibandika kwenye biriani.

#8 Mleta uzi

Nimepokea, kaka. Nilikuwa sijui la kaa. Kwa pweza wa nazi bado nitamshauri mtu aandike "tender", laini, maana hiyo ndiyo sifa inayotafutwa kwake.

#9 (mdau wa Mombasa)

Hamjambo. Sisi huku Mombasa tuna letu: "somehow". Mtu anaandika "the food was somehow", na Mkenya yeyote anaelewa kwamba chakula kilikuwa hivyohivyo, hakieleweki. Mgeni akisoma anangoja sentensi iishe. Nimeshaacha kulitumia kwa rivyu.

Lakini langu kubwa ni kuhusu "rude". Binamu yangu wa kike alikuwa mhudumu kwenye mkahawa mmoja ufuoni, siutaji. Mteja akaandika "the waitress was rude", akataja na jina lake lililokuwa kwenye beji. Aliitwa ofisini kesho yake, na wiki ile ikawa ya mwisho. Hakuwa na mkataba wowote wa maandishi. Unajua alichofanya? Jikoni kamba walikuwa wameisha, mpishi hakumwambia, akapeleka oda, wakakaa dakika arobaini, akarudi mezani kusema hakuna. Mteja akapandisha sauti, naye akanyamaza akatazama chini. Kwa mama yetu kutazama chini unapokaripiwa ni heshima. Yule mteja akaona kuwa ni dharau.

Kwa hivyo nawaomba, dada na kaka zangu, hilo neno mlipime sana kabla ya kuliandika. Andikeni kilichotokea: "We waited forty minutes before anyone told us there were no prawns." Meneja mwenye akili ataona kwamba shida ni ya jikoni na mawasiliano. "Rude" inamtafutia mtu mmoja wa kulaumiwa, na kila mara ni yule wa chini kabisa.

#10 Mleta uzi

Dada, pole sana, na mpe pole yangu binamu. Nimeyaona hayo kwa macho yangu ukutani pale karibu na jiko. Kuanzia leo sheria yangu ni hii: jina la mhudumu nalitaja nikiwa nasifu tu. Mwenzetu mmoja wa zamu yetu alipandishwa kazi baada ya wageni kumtaja kwa jina mwezi mzima. Jina lina nguvu ya kujenga. Kwenye lawama, taja meza, saa, na kilichotokea.

#11

Mimi naogopa sheria. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kifungu cha 16 kinagusa taarifa za uongo. Nikiandika kwamba mgahawa wa mtu ulininywesha sumu, si nitaitwa?

#12 (mdau, mwanasheria)

Sitoi ushauri wa kesi ya mtu hapa, nasema kanuni kwa jumla. Tofauti iliyo muhimu karibu kila mahali ni kati ya jambo la kweli na maoni. "The fish was rotten" ni dai kuhusu ukweli, unaweza kuambiwa uthibitishe. "The fish smelled off to me, so I sent it back" ni ulichokihisi na ulichokifanya, na vyote unavijua wewe. "I got food poisoning there" ni utambuzi wa daktari pamoja na shutuma ya chanzo. "I ate there at eight and was ill by midnight" ni tarehe na saa zako mwenyewe, msomaji ataunganisha akitaka.

Kuna kesi inayofundisha sana, ya Belfast. Mwaka 2000 gazeti la Irish News lilichapa tahakiki kali ya mgahawa wa piza wa mji huo. Mhakiki alisema soda ilikuwa imepoteza gesi, ya vuguvugu na ya majimaji, na kwamba kuku wa marsala (mchuzi wa mvinyo wa Kiitaliano) alikuwa na sukari kiasi cha kutolika. (Mnaona, hata huko "sweet" ilifika mahakamani.) Mwaka 2007 baraza la wazee wa mahakama likampa mwenye mgahawa fidia ya pauni 25,000. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ya Ireland ya Kaskazini ikaitengua, kwa sababu baraza lile halikuelekezwa vizuri juu ya kipi ni ukweli na kipi ni maoni ya mhakiki. Miaka minane watu wanabishana kuhusu kuku na soda!

Marekani nako, mwaka 2016, ilitungwa sheria ya shirikisho inayobatilisha vipengele vya mikataba vinavyomkataza mteja kuandika maoni mabaya. Biashara zilikuwa zimeanza kuvificha kwenye maandishi madogo.

Kwetu, kinga yako kubwa ni kusema kweli, kutunza risiti na picha, na kuonyesha wazi pale ukweli unapoishia na maoni yako yanapoanzia. Samaki wa mleta uzi aliandikwa vizuri kwa kipimo hicho.

#13

Swali kwa wote: wale wahakiki wakubwa wa magazeti ya nje, mbona wanachinja kabisa na hakuna anayewaambia ni wakali mno?

#14 Mleta uzi

Mkuu, wanaambiwa, ila wana ufundi. Nimesoma sana kwa ajili ya jambo hili. Novemba 2012, Pete Wells wa New York Times alihakiki mgahawa wa Guy Fieri, mpishi maarufu wa televisheni ya Marekani, pale Times Square, na karibu makala nzima aliiandika kwa maswali. Anamuuliza mwenye mgahawa: umewahi kula hapa mwenyewe? Swali baada ya swali. Makala ilizunguka dunia nzima. Ukiisoma kwa makini unaona maswali yale yamejaa vitu vya kushikika: sahani gani, ilifikaje mezani, ilikosa nini. Hasira imebebwa na ushahidi. Sisi tukiiga tunaiga hasira, ushahidi tunausahau.

Lakini siwashauri kuiga wale. Mhakiki wa gazeti analipwa, anarudi mgahawani zaidi ya mara moja, na kawaida anachagua wakubwa wenzake wa kupigana nao. Sisi tumekula mara moja, na pengine anayesomewa ni mama mwenye meza sita.

Kinachonisaidia zaidi ni kazi ya Dan Jurafsky wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, iliyotoka 2014. Walichambua rivyu karibu laki tisa za migahawa ya miji ya Marekani kwenye Yelp, mtandao wa maoni ya wateja. Waligundua kwamba rivyu za nyota moja hazizungumzii sana chakula. Zinazungumzia watu: meneja alisema hivi, mhudumu akafanya hivi. Zimeandikwa kwa wakati uliopita, na zimejaa "sisi": tulisubiri, tuliambiwa. Lugha yake inafanana na ya watu waliopatwa na msiba wakitafuta wa kushikana nao mikono. Niliposoma hayo nilikumbuka ukuta wetu wa jikoni. Ni kweli kabisa. Aliyekuwa ameumia hakuwa ameumizwa na chumvi, alikuwa amedharauliwa. Kwa hiyo kabla sijaandika najiuliza: kilichoniudhi ni samaki, au ni kuona hakuna aliyejali? Nikijua jibu, Kiingereza kinakuja chenyewe, maana najua ninachotaka kusema.

#15

Wakuu, mimi nina rivyu, naomba mninyooshee. Ni ya mgahawa wa barabarani nilipokuwa safarini kwenda Arusha. Niliandika: "Very expensive and very bad food. Meat is hard. The hotel is not serious."

#16 Mleta uzi

Tuanze. Bei ilikuwa ngapi na ulipata nini?

#17

Pilau na mbuzi, elfu kumi na nane. Vipande vitatu, viwili mifupa. Nyama nilitafuna hadi basi likapiga honi. Pilau lenyewe lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo, bizari imekolea.

#18 Mleta uzi

Hilo la pilau ndilo liingie kwanza! Msomaji akiona umesifu kilichostahili, atakuamini unapolaumu. "Very expensive" iache, maana ghali ni mfuko wako. Unachosema wewe ni kwamba bei haikulingana na sahani, na hiyo ni "overpriced". "Not serious" ni Kiingereza chetu, hawako makini, mgeni hataelewa, iondoe. Jaribu kuandika wewe.

#19

"The pilau was fragrant and well spiced. The goat was too tough to finish: three pieces, two of them mostly bone, for 18,000 shillings. Overpriced. Order the pilau on its own."

#20 (mdau aliyeko Uingereza)

Kaka, hiyo ningeajiri mpishi kwa ajili yake.

#21 Mleta uzi

Safi kabisa. Umempa hata msafiri anayekuja nyuma yako chakula cha mchana. Nyota ngapi?

#22

Nilikuwa nimetoa moja. Naibadilisha kuwa tatu, kwa ajili ya pilau.